Ombi Letu Kuhusu Pikapu ya Saba

Mgeni rasmi, wasaidizi wako uliokuja nao katika magari tisa, meneja wetu wa karakana, mwenyekiti wa kamati ya mapokezi, ambaye sote humwita Mzee Itifaki, mama mkunga uliyesimama pale getini tangu asubuhi na mkoba wako, mafundi wenzangu, washonaji wenzangu, na majirani mliokuja kuchaji simu: salamu zetu ziwafikie mlipo, hata ninyi mlio juu ya ukuta.

Mimi ni mshona viti. Wenzangu wamenipa kazi ya kusoma, si kwa kuwa najua kuwashinda, bali kwa kuwa mwaka huu nimemaliza masomo ya jioni na cheti kipo, atakaye kukiona nitamwonyesha. Anayetikisika mgongoni mwangu ni binti yangu, ana mwaka na miezi miwili. Akilia, msihesabu kuwa ni sehemu ya risala. Akicheka, hesabuni.

Kabla sijafungua ukurasa wa kwanza, nina taarifa fupi. Kipaza sauti hiki kinapata umeme kutoka kwenye ile pikapu ya bluu yenye utepe mwekundu, iliyo chini ya hema. Feni zinazokupepea, vilevile. Taa za lango, vilevile. Mabirika kumi na moja ya chai, mashine ya kuchomelea kwa maonyesho, redio ya kinyozi wa jirani na simu zote za mtaa huu, vilevile. Lilikuwa wazo la Mzee Itifaki, kwamba mgeni aone jinsi pikapu yetu inavyoweza kulisha shughuli nzima bila kutoa jasho. Saa mbili asubuhi betri ilikuwa asilimia tisini na nane. Wewe ulitarajiwa saa tatu. Umefika saa tisa alasiri, na tunajua majukumu ni mengi.

Fundi umeme ameketi ndani ya pikapu na ubao na chaki, ili anionyeshe kilichobaki. Sasa hivi ananionyesha kumi na tisa. Basi naanza, na nitasoma polepole, kwa heshima.

KUKUKARIBISHA

Mgeni rasmi, tangu tupokee barua ya ujio wako hatujakaa. Tumepaka rangi ukuta, upande utakaouona. Tumefagia uani mpaka mawe yanang'aa. Mlango wa choo umepata kitasa. Kwa kitasa hicho peke yake tungekualika kila mwezi.

Tunawakaribisha pia madereva wako. Tumehesabu magari tisa na madereva kumi. Dereva wa kumi tumemwona. Ameshuka kwenye gari la nyuma akiwa na glavu nyeupe, na tangu afike ameizunguka ile pikapu mara tatu, amefungua mlango, amemwomba fundi umeme asogee kidogo, ametengeneza kioo kikae anavyotaka yeye. Karibu, kaka yetu. Tulikuwekea kiti cha plastiki karibu kabisa na chai, mbali kidogo na pikapu. Tunaona hakijakufaa.

TULIKOTOKA

Karakana hii ilianza na watu watano na kazi moja, kutengeneza mabomba ya moshi ya magari ya dizeli. Leo tuko thelathini na mmoja, na hatutengenezi kitu chochote kinachotoa moshi, isipokuwa jiko la mlinzi.

Sababu ya mabadiliko hayo iko mgongoni mwangu.

Siku ile nilikuwa kwenye cherehani, mchana, nashona mfuniko wa kiti, uchungu ukanishika. Zahanati iko juu ya kilima, njia ni mawe matupu. Tulikuwa na pikapu moja ya zamani ya dizeli, jina lake Bibi Kikohozi, na hilo jina hakupewa kwa kuonewa. Nikalazwa nyuma juu ya magunia. Fundi umeme akashika usukani. Mama mkunga akapanda nami, na kile kifaa chake cha mbao kinachofanana na tarumbeta ndogo, anachokiweka tumboni na kutega sikio asikie moyo wa mtoto.

Hatujafika hata kwenye kona, mama mkunga akagonga paa.

"Zima hilo gari!"

"Mama, nikilizima haliwaki tena."

"Zima nasema. Simsikii mtoto."

Likazimwa. Wafanyakazi wenzangu walikuwa wanatufuata nyuma kwa miguu, maana walikuwa wanamfahamu Bibi Kikohozi na walijua mwisho watasukuma. Wote wakasimama. Hakuna aliyehema. Mama mkunga akainama, akasikiliza, mimi natazama mbingu nikiona haisogei. Kisha akasema, "Yupo."

Gari likasukumwa, likawaka, tukaenda hatua mia mbili. "Zima!" Likazimwa. "Yupo." Likasukumwa. Mgeni rasmi, kilima kile tulikipanda hivyo hivyo. Mara saba tulizima, mara saba tulisukuma, na mara saba nilisubiri neno moja. Kati ya neno na neno, wakati injini inanguruma, sikuwa na mtoto, nilikuwa na kelele tu.

Alizaliwa mzima. Sauti yake ya kwanza ilikuwa kama ya Bibi Kikohozi.

Kesho yake fundi umeme alifika kazini na macho mekundu, akauliza mbele ya watu wote, "Hivi haiwezekani gari likaenda bila kelele?"

Fundi wetu wa mabomba ya moshi alicheka akashika mbavu. Alisema, "Gari bila kelele ni kabati, mwanangu. Tengeneza kabati, tutatia nguo."

Tukalitengeneza kabati.

MUUNDO WA PIKAPU YETU

Pikapu yetu inaitwa Kimya. Ina viti viwili mbele, nimeshona mimi, uzi mnene, mshono mara mbili. Betri iko chini ya sakafu, katikati, kwa hiyo uzito umekaa chini na gari haliyumbi kwenye mawe. Kitanda cha nyuma ni kirefu kiasi cha mtu mzima kulala akanyoosha miguu. Tulimpima mlinzi, akalala kweli, tukashindwa kumwamsha. Ikijaa chaji inakwenda kilomita mia na arobaini ikiwa na mchanga. Bila mchanga hatujui, kwa sababu kila tulipotaka kuijaribu alitokea mtu akasema, "Kwa kuwa mnapita huko, nisaidieni mchanga wangu."

Huo ndio muundo tuliouchora. Ule mnaouona pale chini ya hema una nyongeza, na nyongeza hizo tumeletewa na wananchi.

Ya kwanza ni bomba la moshi. Kila aliyeinama kutazama nyuma aliuliza, "Sasa hii inapumulia wapi?" Tulieleza mpaka midomo ikakauka. Mwishowe tukafunga bomba, zuri, linang'aa, halijaungwa na kitu chochote. Watu wakaridhika. Paka wa karakana amezaa humo mara mbili.

Ya pili iko chini ya boneti. Kwenye pikapu ya umeme, mbele hakuna injini, pana nafasi tupu ya kuweka mizigo. Lakini tuligundua kwamba mwanamume akija kutazama gari hufungua boneti, hushika kiuno na kutikisa kichwa. Akikuta patupu anafadhaika, hajui atazame nini. Kwa hiyo tumebandika picha kubwa ya injini. Sasa anafungua, anashika kiuno, anatazama picha, anatikisa kichwa, anasema, "Hapa pana kazi," anafunga. Amani inarudi.

Nyongeza ya tatu ni binadamu. Watu walikataa kabisa kuamini kwamba gari lisilonguruma lina nguvu. Na fundi wetu wa mabomba ya moshi, aliyetucheka, alikuwa amebaki bila kazi, na ana watoto sita. Ndipo tukampa nafasi ya kudumu: anakaa nyuma ya pikapu, ananguruma kwa mdomo. Ndiye Fundi Ngurumo, yule pale mwenye skafu. Anawasha, anabadilisha gia, kwenye kilima anajikaza mpaka mishipa inamtoka. Wiki aliyokuwa na mafua, watazamaji wawili walirudi kusema gari lina tatizo la plagi.

(Fundi umeme ananionyesha ubao. Kumi na nne. Asante, kaka.)

MATARAJIO YA SOKO

Katika masomo ya jioni, mwalimu wa biashara alitufundisha kwamba kabla hujauza kitu, waulize watu. Tuliuliza watu mia mbili, sokoni, stendi na kwenye foleni ya maji. Themanini na wawili walisema wataitaka ikianza kunguruma yenyewe. Arobaini waliuliza kama inachaji simu, na leo wamepata jibu. Ishirini na mmoja waliuliza kama ikinyeshewa itawapiga shoti. Haipigi; tunaiosha kila Ijumaa na muoshaji bado tunaye. Kinyozi aliuliza, akiichomekea mashine zake za kunyolea, inaweza kunyoa vichwa vingapi mpaka iishe. Tukamwandika chini ya "ana nia". Bibi mmoja alisema haamini kitu kinachofanya kazi bila kula.

Tulipomfikia mama mkunga, aliuliza swali moja.

"Ikiwa inakwenda, nitamsikia mtoto bila kusimama?"

Tukampakia. Tukamlaza nyuma mshonaji mwenzangu, aliyekuwa na mimba ya miezi saba, tukapanda kilima kile kile. Mama mkunga akaweka tarumbeta yake, akatega sikio. Katikati ya njia Fundi Ngurumo, kwa mazoea, akaanza kubadilisha gia.

"We mzee!" mama mkunga alimkemea. "Funga bakuli lako!"

Akafunga. Yakabaki matairi yanasaga mawe, taratibu, na upepo. Mama mkunga akasema, "Yupo." Gari halijasimama. "Yupo." Tukapita kona. "Yupo, yupo, yupo," akawa anasema kama mtu anayehesabu kuku wake wanaoingia bandani, mpaka juu ya kilima. Mshonaji mwenzangu alilia njia nzima na hakuwa anaumwa mahali popote.

Aliposhuka, mama mkunga aliigonga pikapu ubavuni. "Hii ni yangu," akasema. "Mimi na kina mama wa huku. Zahanati italeta barua. Msimpe mtu."

Hiyo ilikuwa pikapu ya kwanza. Barua ya zahanati ilifika siku ya Jumatatu. Jumanne akaja mgeni rasmi wa kwanza.

Alikata utepe. Meneja wetu, kwa ukarimu, akamwambia, "Karibu uijaribu, mheshimiwa." Akapanda, dereva wake akapanda, wakaondoka. Tukapiga makofi. Tulipiga makofi mpaka akapotea kwenye kona, tukaendelea kidogo. Kisha tukasubiri arudi. Chai ikapoa. Tukaipasha, ikapoa tena. Fundi Ngurumo, ambaye alikuwa nyuma akinguruma, alirudi kesho yake kwa miguu. Tukamuuliza, "Sasa wewe mbona hukusema neno?"

"Hawakuniambia nishuke," alisema. "Na kunyamaza katikati ya safari niliona aibu."

Mgeni wa pili, kabla hajaja, ofisi yake ilipiga simu kuuliza: "Yetu ni ya rangi gani?" Tukaelewa kwamba imekuwa utaratibu. Wa tatu alikuja na naibu wake, kwa hiyo siku hiyo zilikwenda mbili. Ya tano hakuichukua mgeni rasmi hata kidogo. Aliichukua bwana mmoja aliyevaa tai, ameingia kuomba choo. Mzee Itifaki akaona tai, akapiga filimbi, sisi tukajipanga mstari tukaimba, na mpaka tumejua ukweli alikuwa ameshakabidhiwa funguo. Yule bwana alikataa mara mbili. Tulimlazimisha.

Ya sita ilichukuliwa na mkaguzi aliyetumwa kuchunguza kwa nini pikapu zetu hazifiki sokoni.

Kwa hiyo, mgeni rasmi, matarajio ya soko kitaalamu ni haya: asilimia mia moja ya pikapu tulizotengeneza zimepata wenyewe siku ile ile zilipokamilika. Hakuna kampuni ya magari tunayoifahamu iliyofikia kiwango hicho. Mahitaji hayashuki hata tusipotangaza. Tumejaribu hata kutokualika. Wageni wanakuja wenyewe.

Na kila mara, mama mkunga amesimama pale getini na mkoba wake, tayari kupokea, akaitazama ikipita mbele yake. Mara ya kwanza alipunga mkono, alidhani inageuza. Mara ya sita alikuwa ameleta mto wa kuwekea kichwa cha mgonjwa. Akarudi nao.

MAFANIKIO

Mafanikio yetu ni mengi. Hatujawahi kupata malalamiko ya mteja, kwa kuwa hatujawahi kuwa na mteja. Pikapu tulizotoa zinaheshimiwa. Mbili zimefunikwa maturubai mbele ya nyumba kubwa. Moja imemwagiwa dizeli kwenye lile bomba letu la urembo, na barua imekuja kuuliza kwa nini haijai. Yule bwana wa choo ndiye pekee anayeiendesha, kila siku, na ametuandikia kwamba ni gari bora alilowahi kupewa bila kuomba.

Tena, Mungu ametujalia tumemaliza ya saba. Imetuchukua wiki sita. Kitanda chake cha nyuma nimekishonea godoro, na pembeni nimeweka mfuko mdogo wa kitambaa, saizi ya tarumbeta ya mama mkunga, ili isidondoke kwenye mawe. Huo mfuko, mgeni rasmi, kwenye orodha ya vipuri uliyopewa haumo. Nimeuweka tu.

(Kumi.)

CHANGAMOTO

Changamoto yetu kubwa ni... Mwenyekiti, naomba unisamehe, nakuona unanifanyia ishara niruke. Nilikuahidi nitaruka. Nimeshindwa, baba.

Wiki iliyopita tulikaa kikao juu ya ya saba. Mzee Itifaki alikuwa ameshanunua utepe.

"Mgeni hanyimwi," alisema. "Ndivyo nilivyolelewa. Tukimnyima, kesho watasema karakana hii ina kiburi, keshokutwa pameota majani hapa."

Fundi umeme akamjibu, "Mzee, waliotutangulia walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakusema siku ya kwanza mpe gari."

"Kwa hiyo nimpe mheshimiwa jembe?"

"Nani kasema? Mpe chai!"

"Chai alishawahi kuinywa."

Tulicheka, kikao kikaharibika, na utepe ukafungwa. Hatumlaumu. Ni mtu mwenye adabu zilizozidi kipimo, na adabu zikizidi huwa kama chumvi. Lakini kuna jambo Mzee Itifaki hakulisema kwenye kikao, na sisi hatukumkumbusha, kwa sababu hapaswi kukumbushwa. Binti yake anaishi chini ya kilima, nyumba ya tatu kutoka kisimani. Ana mimba ya mapacha. Mama mkunga amesema atajifungua wiki hii. Na mapacha, mgeni rasmi, ni mioyo miwili ya kusikiliza.

Bibi Kikohozi naye alikufa mwezi uliopita. Alizimwa, akasukumwa, hakuwaka. Tulimsukuma mpaka jua likatua, kwa mapenzi tu.

Fundi umeme, ubao? Sita. Asante. Nawaona pia wale wa mashine ya kuchomelea, endeleeni, cheche ni nzuri sana, mgeni anazifurahia.

MAOMBI YETU

Ombi la kwanza. Fundi Ngurumo anaomba dawa ya koo, kwa kuwa kazi yake haina vipuri.

Ombi la pili. Njia ya kilimani ipunguzwe mawe, si yote, yale makubwa tu, tuna majina yao.

Ombi la tatu. Hapa, mgeni rasmi, karatasi niliyopewa na kamati inasema: "Tunakuomba upokee zawadi yetu ndogo." Imeandikwa kwa mashine, imepigwa mstari chini. Nimeisoma nyumbani mara nyingi mbele ya binti yangu, na kila nikifika hapo ulimi unageuka kipande cha mti.

Kwa hiyo nitakiri, kwa niaba ya wenzangu thelathini. Risala hii ilikuwa na kurasa mbili. Tumeirefusha. Sehemu ya mawe, ya paka, ya kinyozi na bibi wa foleni, tuliziongeza jana. Mabirika yalikuwa matatu, tukaazima manane. Majirani hawakuja kuchaji simu kwa bahati. Tuliwapitia nyumba kwa nyumba tukawaomba walete hata simu za marehemu. Hatukuthubutu kukunyima, mgeni rasmi, tukaona tuiache betri ikunyime badala yetu. Betri haina mwajiri.

Tuliona ni ujanja. Sasa nimeusema kwenye kipaza sauti, umekuwa ombi. Tunakuomba uiache.

Dereva wa kumi amesimama. Ameshika mlango. Kaka yetu, fundi umeme hajashuka, na ubao unasema nne. Gereji ya karibu yenye chaja inayoiingia hii pikapu haipo. Chaja ni yetu, imefungwa ukutani kwa boliti nane, na kuijaza huchukua muda wa saa tisa. Kuivuta kwa kamba kumekatazwa na kitabu cha maelekezo, ukurasa wa kumi na nne. Kitabu tumekiandika wenyewe. Ukurasa wa kumi na nne tuliuandika jana, pamoja na paka.

Na Mzee Itifaki naye anainuka. Mwenyekiti... Anakuja huku. Jamani, kama ni kunipokonya karatasi, nimeshaikariri. Baba, shikamoo, naomba dakika...

Amenipita.

Mgeni rasmi, naomba nieleze kwa faida ya walio nyuma wasioona. Mwenyekiti wa kamati ya mapokezi amefika kwenye meza ya chai. Amevua koti la suti. Amechukua birika la kumi na mbili, lile lake la nyumbani, sikujua kama amekuja nalo, na amelichomeka. Sasa anachomeka pasi. Ametandika koti mezani, anapiga pasi koti lake. Analipiga pasi vizuri sana. Hamtazami mtu.

Ubao: mbili.

Mama, usilie huko getini, utanivunja na mimi. Sogea ndani, njoo kwenye kivuli.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, hatukukusudia uondoke mikono mitupu. Tumekuandalia kiti. Ni kiti cha mbele cha pikapu ya nane, ambayo bado haipo. Nimekishona mimi, uzi mnene, mshono mara mbili. Ukiwa umechoka na majukumu, kaa juu yake ufunge macho, utakuwa umeipanda kabla ya mtu mwingine yeyote. Dereva wa kumi anaweza kukibeba, ili asije akaonekana amekuja bure. Itakapokamilika ya nane, na ya tisa, na ya ishirini, njoo ununue kama watu wengine, tutakupigia makofi mpaka upotee kwenye kona, na safari hiyo hatutasubiri urudi.

Karibu tunamaliza. Feni zimeanza kuzunguka kwa uvivu, na redio ya kinyozi imeshanyamaza. Kipaza sauti hiki nacho kitazimika muda wowote. Kikizimika, tunakuomba usimame kidogo, usipige makofi, usiseme neno. Sisi pia tutasimama. Fundi Ngurumo ameahidi. Sikiliza huo ukimya, mgeni rasmi, maana ndio bidhaa tunayotengeneza hapa, hatuna nyingine. Ndani yake utasikia birika likitulia, mlinzi akikoroma, na binti yangu akipumua mgongoni mwangu. Mimi nilimsubiri mara saba kwenye kilima kile ili nipate kumsikia hivyo.

Usiku huu tutaichaji. Mama mkunga amesema, heri pikapu isiyo na chaji lakini ipo, kuliko yenye chaji iliyokwenda. Kesho asubuhi, mapacha wakigonga, tutafungua turubai la hema, na tunachotaka ni mtu mmoja achungulie aseme neno lile lile tulilolizoea, "Ipo."

Moja.

Mungu akuongezee umri na afya, akulindie watoto wako na mioyo yao, akushushie kila lililo zito, na akujalie safari njema, wewe na msafara wako wote, katika magari yale yale mliyokuja nayo.

Ni sisi watumishi wenu, mafundi, washonaji, mlinzi na mngurumaji

wa Umoja wa Wafanyakazi wa Karakana ya Pikapu za Kimya.